Sabufa kwenye Fielder, redio ya Japani ikabaki palepale

Mpiga besi ndiye mwanamuziki anayeonewa kuliko wote ndani ya gari. Mwimbaji unamsikia. Magitaa ya solo na ridhimu unayasikia, na tarumbeta ndizo kabisa, zinatoka mpaka nje ya dirisha. Lakini yule anayesimama nyuma karibu na drams, aliyeushika wimbo mzima usiporomoke, spika za milangoni zinampita kama hakuja kazini. Hilo lilikuwa linaniuma, maana mimi ni mtu wa dansi. Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, na Msondo Ngoma iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ndio muziki niliokulia. Na katika dansi, wimbo ukishaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, besi ndiyo inayokueleza mguu uweke wapi.

Kazi yangu ni kusambaza dawa za mifugo. Naondoka Morogoro alfajiri, Dumila, Gairo, Kibaigwa, mpaka Dodoma, nikisimama kwenye maduka ya dawa na pembejeo njia nzima. Nyuma ya gari kunakuwa na makatoni ya dawa za minyoo, za kuogeshea, na maboksi ya barafu yenye chanjo ya kideri. Gari ni Toyota Corolla Fielder, NZE141, injini ya 1NZ, na redio iliyomo ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani. Sehemu kubwa ya maisha yangu inapita ndani ya hilo gari, kwa hiyo muziki wa humo ndani kwangu si pambo.

Nianze na kwa nini besi haitoki, kwa sababu ukilielewa hilo hutaibiwa dukani.

Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Ili spika itoe sauti nzito kwa ukubwa uleule, kila unaposhuka oktavi moja, yaani hezi zikipungua nusu, koni yake inatakiwa isogee mara nne zaidi. Spika ya mlangoni ya inchi sita na nusu, koni ya karatasi, imefungwa kwenye bati lililojaa matundu, haina nafasi ya kusogea hivyo. Ikishuka chini ya hezi 80 hivi inakuwa inachota kisima kwa kijiko. Ukiongeza besi kwenye redio unachoongeza ni kukoroma, mlango unaanza kutetemeka, na hata sauti ya mwimbaji inachafuka, maana koni ileile inayohangaika na besi ndiyo inayotakiwa kumtoa yeye.

Na redio yenyewe ina amplifaya ndogo ndani yake. Tangazo linaweza kusema wati 50 mara nne, lakini kwa umeme wa volti 14 unaotoka moja kwa moja kwenye gari, kinachotoka kwa kudumu ni wati 15 mpaka 20 kwa kila spika. Kwa mwimbaji na magitaa inatosha kabisa. Kwa hezi 41 haitoshi.

Fundi wangu wa umeme wa gari yuko maeneo ya Msamvu, kijana msikivu na mwenye mikono misafi. Nilipomweleza kwamba nataka sabufa, ile spika kubwa ya besi, na amplifaya yake, jibu lake la kwanza lilikuwa lile ambalo mafundi wengi watakupa.

"Bosi, hii redio tuing'oe tu. Nakuwekea Android, skrini kubwa, kamera ya rivasi, na nyuma ina matundu ya RCA ya sabufa. Jioni unaondoka."

Hakukosea. Redio ikiwa na RCA, yale matundu ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, kazi ya kuunganisha amplifaya inakuwa rahisi sana. Lakini nilikataa, na sababu zangu bado nazisimamia. Redio ya Toyota nazijua batani zake kwa vidole, sihitaji kuangalia chini nikiwa nyuma ya lori la mahindi pale Gairo. Inasoma CD za MP3, ina tundu la AUX. Jua la Dodoma halijawahi kuizima. Imekaa kwenye dashibodi yake bila pengo wala fremu ya plastiki inayolia. Udhaifu wake unajulikana: FM ya redio za Japani za rika hili inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati vituo vyetu vinapanda mpaka 108, ndiyo maana gari ilishafungwa kile kidude cha kuhamisha masafa. Vituo naskiliza kwa ajili ya habari na mpira tu, muziki nakuja nao mwenyewe.

Lakini sababu kubwa ni nyingine. Kuanzia hezi 100 kwenda juu, gari ilikuwa inaimba vizuri. Kilichokosekana ni sakafu tu. Sioni kwa nini mtu abomoe nyumba nzima wakati kilichopungua ni sakafu.

"Fundi, redio inabaki," nikamwambia. "Tunaongeza kile ambacho hakipo."

Akatikisa kichwa, kisha akacheka. "Sawa bosi, basi tutafanya kazi ya kweli."

Vifaa nilinunua Dar, Kariakoo, kule Gerezani. Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu namba zilizoandikwa kwenye maboksi ya amplifaya hazina uhusiano na umeme unaotoka. Muuzaji alinishikisha amplifaya nyepesi yenye maandishi makubwa, 1500W.

"Mzee wangu, hii mashine, inapasua."

"Hebu igeuze tuone fyuzi yake."

Fyuzi ilikuwa moja, ya ampea 25. Zidisha 25 kwa volti 14, unapata wati 350. Huo ndio umeme mwingi kabisa ambao mashine ile inaweza kuumeza kwa muda mrefu bila kukata fyuzi, na kinachotoka ni pungufu ya kinachoingia, kwa sababu sehemu inageuka joto. Hizo 1500 zingetoka wapi? Ukiwa dukani usibishane na muuzaji, geuza mashine, soma fyuzi, piga hesabu kwenye simu. Kama ni amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, chukua kama asilimia 80 ya hesabu hiyo. Kama ni ya AB, aina inayopoteza zaidi, chukua nusu au zaidi kidogo. Kisha tafuta neno RMS kwenye kitabu chake, maana hizo ndizo wati za kudumu. Neno la "max" au "peak" lipite tu.

Niliyoichukua ni ya chaneli moja, daraja D, wati 180 RMS kwa omu 4 na 300 kwa omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), fyuzi zake mbili za ampea 15. Nilichokuwa nakitafuta zaidi ni sehemu ya kuingizia waya za spika moja kwa moja, ile wanayoandika "high level". Bila hiyo ungelazimika kununua kidude cha pembeni cha kushusha nguvu ya sauti ya spika, wauzaji wanakiita LOC. Kinafanya kazi, lakini ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika.

Sabufa ni ya inchi 10, koili moja ya omu 4, inabeba wati 250 RMS. Ukikuta yenye koili mbili za omu 4, ujue zikifungwa sambamba unapata omu 2, zikifuatana unapata 8. Chagua inayolingana na amplifaya yako kabla hujalipa. Na usiogope amplifaya kuwa ndogo kidogo kuliko sabufa. Ukiongeza wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo kwa sikio ni ndogo. Sabufa nyingi zinaungua kwa amplifaya iliyosukumwa kupita uwezo wake mpaka sauti ikakatwa kichwa, yaani ncha za mawimbi yake zikakatika, si kwa mapungufu ya wati.

Waya sasa. Kuna seti za waya zinazouzwa kwenye mfuko wa plastiki unaong'aa, nene, zinapendeza, bei rahisi. Niliomba kukata ncha, nikachukua uzi mmoja na kuukwangua kwa wembe. Ndani ukawa mweupe. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, na aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Nikahamia duka la pili, nikakwangua tena, uzi ukawa mwekundu mpaka ndani. Hiyo ndiyo niliyonunua, geji 8, karibu milimita 8 za mraba. Kuna wanaotumia waya wa nyumba wa milimita 10. Shaba yake ni nzuri, lakini nyuzi zake ni ngumu, na ganda lake halikutengenezwa kwa joto na mafuta ya chini ya boneti. Mimi sitauweka pale.

Boksi alilitengeneza seremala wa hapa Morogoro kwa MDF ya milimita 18. Nilimpa vipimo vya ndani: urefu sentimita 35, kimo 33, kina 20. Hizo ni lita 23, sabufa yenyewe inakula karibu 2, inabaki kama 21, ambazo kwa inchi 10 ya boksi lililofungwa ziko sawa. Gundi ya mbao kila ukingo, skrubu, halafu silikoni kwenye kona zote kwa ndani. Nikajaza pamba ya mto, ile ya poliesta, bila kuishindilia.

Nilichagua boksi lililofungwa bila tundu, na hapa najua sikubaliani na vijana wengi. Boksi lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, hasa karibu na sauti ambayo tundu limepimiwa, na kwa singeli au amapiano watu wanalipenda kwa sababu hiyo. Lakini besi ya dansi inatembea. Inapanda, inashuka, inarudi, na nataka kila hatua niisikie kwa uzito ule ule, si noti moja ivume halafu tatu zipotee. Isitoshe chumba cha gari kimefungwa na ni kidogo. Sauti ikishakuwa ndefu kuliko gari lenyewe, gari linaisaidia. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, Fielder haifiki mita 5. Kadiri unavyoshuka chini, ndivyo chumba kinavyoongeza nguvu, na boksi lililofungwa linashuka taratibu kwa namna inayokutana vizuri na msaada huo. Halafu mimi nabeba makatoni. Boksi lenye tundu lingekula nafasi ya chanjo.

Kujua kama boksi limeziba vizuri, sukuma koni kwa viganja viwili polepole kisha iachie. Ikirudi kwa kujivuta, hewa haitoki. Ikirudi haraka, kuna tundu mahali.

Limekaa kona ya kushoto kabisa nyuma, ili mfuniko wa tairi la akiba ufunguke bila kulihamisha, na limeshikwa kwa vyuma vya L na boliti. Hili naliombea kila mtu mwenye gari la aina ya station wagon, lisilo na ukuta kati ya mizigo na abiria. Boksi lenye sumaku ya sabufa ndani ni zito, na ukikanyaga breki za ghafla barabara ya Dodoma, kitu kilichowekwa tu bila kufungwa kinakuja mbele na kichwa cha mtu kiko njiani. Lifunge.

Sasa sehemu yenyewe, kuchukua sauti kutoka kwenye redio. Nyuma ya redio za Toyota za rika hili kuna soketi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Ya pini 10 ina umeme wa betri, umeme wa swichi, ethi (waya wa kurudi kwenye bodi ya gari), taa, na spika za mbele. Ya pini 6 ina spika za nyuma. Rangi zangu zilikuwa hizi: bluu yenye mstari wa njano ni betri, kijivu ni swichi, kahawia ni ethi. Spika za mbele, pinki na zambarau kushoto, kijani mpauko na bluu kulia. Za nyuma, nyeusi na njano kushoto, nyekundu na nyeupe kulia.

Soma tena hizo za nyuma. Nyeusi ni chanya ya spika. Nyekundu nayo ni chanya ya spika, si umeme. Fundi aliyezoea kwamba nyeusi ni ethi popote duniani anaweza kukuchinjia redio hapa. Jirani yangu ilimkuta, si kwa huyu fundi wangu: nyeusi ilifungwa kwenye bodi ya gari, na redio haikuwaka tena. Sababu ni kwamba redio hizi hazina upande wa spika ulio ethi. Waya zote mbili za kila spika, chanya na hasi, zina umeme wa karibu nusu ya volti za betri, na muziki unapita kati yao. Ukigusisha mmoja wapo kwenye bati, umepiga shoti amplifaya ya redio. Kwa hiyo hata ile hasi isiguse ethi kamwe, iende kwenye amplifaya ikiwa na mwenzake.

Na rangi usiziamini kwa kuzisoma mtandaoni, hata hizi zangu. Fundi alichomoa soketi, akachukua betri ndogo ya volti 1.5, akaigusisha kwenye jozi ya waya kwa sekunde moja. Spika ya nyuma kushoto ikasema "tk", na mimi niliyekuwa nimetoa kava la mlango nikaona koni inasogea nje. Ikisogea nje, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Tukahamia ya kulia, hivyo hivyo. Kazi ya dakika chache, na baada ya hapo hakuna kubahatisha.

Tulichukua za nyuma, hizo nne. Hatukukata waya hata mmoja wa gari: tulinunua jozi ya soketi za kati za Toyota, dume na jike, tukaunganisha waya za amplifaya kwenye hizo, kisha zikachomekwa kati ya redio na soketi ya gari. Nikitaka kuuza gari kesho nachomoa, linarudi lilivyotoka Japani. Spika za nyuma zinaendelea kulia kama kawaida, kwa sababu amplifaya inachungulia tu sauti, haichukui nguvu ya maana.

Faida nyingine ya hizo volti za nusu betri ni kwamba amplifaya yangu inazitambua. Redio ikiwaka, amplifaya inaamka. Redio ikizimwa, inalala. Hakuna waya wa kuamshia. Kama yako haina uwezo huo, chukua umeme wa kuamshia kwenye kijivu cha swichi, usichukue kwenye umeme wa kudumu, la sivyo asubuhi utaomba watu wakusukume.

Umeme wenyewe una kanuni moja ambayo sikubali mtu aipuuze. Fyuzi kubwa inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya, si amplifaya. Waya ukikwanguka kwenye ukuta wa injini ukagusa bati, na fyuzi iko mwisho wake kule chini ya siti, betri nzima inamimina umeme kwenye ule waya na gari linawaka moto. Tuliweka ya ampea 30. Betri yangu iko upande wa kushoto, na amplifaya tuliiweka chini ya siti ya abiria, kushoto vilevile, hivyo waya mnene ni mfupi. Ulipita kwenye mpira ule ule unaopitisha waya za kiwandani, ukiwa ndani ya bomba la plastiki, bila kutoboa tundu jipya.

Ethi fundi alitaka kuifunga kwenye boliti ya siti. Nikamwomba tutafute pengine, maana boliti za siti zina rangi na ziko kwa ajili ya usalama wa mtu. Tulitumia boliti ya bano la konso ya kati. Alikwangua rangi mpaka bati likang'aa, akaweka terminali iliyobanwa kwa koleo, washa yenye meno, akakaza, kisha akapaka rangi juu kuzuia kutu. Waya wa ethi ni geji ile ile na haufiki nusu mita. Kama unalazimika kutoboa sakafu, lala kwanza chini ya gari uangalie, mabomba ya mafuta na ya breki yanapita huko.

Waya za sauti tulizipitisha kwa ndani ya konso, mbali na ule wa umeme, na pale zilipolazimika kukutana zilikatishana kwa pembe, hazikulala sambamba. Injini ilipowashwa hatukusikia ule mluzi unaopanda na kushuka na mafuta. Wewe ukiusikia, anza na ethi kabla ya kununua kitu chochote.

Jambo moja la amplifaya ya chini ya siti: waambie vijana wa car wash. Wengine wanamwaga maji ndani na kusugua kapeti kwa brashi. Yangu imeinuliwa kwenye kipande cha MDF na bado nasimama pale pale wakati wa kuosha.

Halafu kupima sauti, ambako mafundi wengi wanamaliza kazi kwa sikio na kwa haraka. Kile kitufe kilichoandikwa "gain" si volyumu. Kinalinganisha amplifaya na redio, na ukikizungusha mpaka mwisho unaikata sauti kichwa, sabufa inanuka kuungua ndani ya wiki. Njia yetu ilikuwa ya mita. Zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili, unapata volti za kulenga. Nilitaka wati 150 kwa omu 4: ni 600, kipeuo chake volti 24.5. Tukachomoa sabufa, tukaweka CD yenye mlio wa hezi 50, besi na trebo za redio kwenye sifuri, "bass boost" ya amplifaya sifuri. Volyumu ya redio hii inakwenda mpaka 63. Tuliipandisha mpaka 45, ambapo spika za milango zilikuwa bado hazijaanza kukwaruza. Mita kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya kutolea ya amplifaya. Fundi akazungusha bisibisi taratibu: 9, 14, 19, 23, ikasimama 24.4. Akaacha. Kitufe kilikuwa hakijafika hata nusu, na alikitazama muda mrefu.

"Bosi, sisi huwa tunaweka mpaka mwisho."

"Ndiyo maana wanarudi," nikamjibu, naye akachukua kalamu akaandika ile hesabu ukutani, karibu na namba za wateja.

Kichujio, kinachozuia sauti za juu zisifike kwenye sabufa, tuliweka hezi 80. Ukikiacha 120 au 150, sabufa inaanza kutoa na sauti ambazo sikio linajua zinatoka wapi, na mpiga besi anahamia nyuma ya kisogo chako. Chini ya 80 sikio halitambui mwelekeo, kwa hiyo besi inajiunga na magitaa na kukaa mbele kwenye kioo. Swichi ya fezi, inayogeuza mwelekeo wa kusogea kwa koni, tuliijaribu zote mbili, 0 na 180, nikiwa nimekaa kwenye siti ya dereva na wimbo wenye besi ya kutembea. Kwa gari langu 180 ilijaa zaidi, ikabaki hapo.

Mwisho tuliweka kapasita kwenye spika za milango ya mbele, mikrofaradi 470 isiyo na chanya na hasi, moja kwa kila spika. Kwa spika ya omu 4 inazuia kuanzia kama hezi 85 kwenda chini. Ni kifaa cha bei ya soda chache, na nadhani ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Milango ilinyamaza kutetemeka. Mwimbaji akasafika. Tulikuwa tumeongeza besi, na cha ajabu ni sauti ya juu iliyonishangaza kwanza.

Siku ile ile nilikwenda mpaka Mikese na kurudi, nikiwa na zile nyimbo za zamani zilizorekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo ukiwa bado polepole, mwimbaji anahadithia, nikawa nasikia besi inavyomjibu mwishoni mwa kila mstari, noti mbili tatu, kisha inanyamaza na kumpisha. Nyimbo hizo nimezisikiliza tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kujua kwamba kuna mazungumzo hayo. Volyumu ilikuwa 28. Nje ya gari mtu hasikii chochote cha kumsumbua, na mke wangu, ambaye ni mtu wa taarabu na hapendi kelele, ameanza kuniomba funguo akienda sokoni.

Kwenye matumizi ya kila siku nimegundua kitu kinachofaa. Kwa kuwa sauti ya sabufa inatoka kwenye waya za spika za nyuma, feda ya redio, ile inayogawa sauti kati ya spika za mbele na za nyuma, ndiyo imekuwa rimoti yangu ya besi. Wimbo umerekodiwa na besi nyingi, nasogeza mbele hatua mbili. Rekodi nyembamba ya zamani, narudisha nyuma moja. Ila nikimpa mtu gari namwambia asiisukume feda mbele kabisa, atadhani sabufa imekufa.

Baada ya mwezi wa barabara fundi alikaza upya terminali za betri na za amplifaya, nyuzi za shaba zikishabanwa huwa zinalegea kidogo. Fyuzi tuliishika kwa mkono baada ya safari ndefu, ilikuwa ya uvuguvugu tu. Kilichobaki kinalia ni kibao cha namba cha nyuma, kwenye noti zile za chini kabisa. Nimekatia vipande vya sponji nikaviweka nyuma yake, na mwezi ujao tunafungua milango ya mbele kubandika kitu cha kuzuia mtetemo kwenye bati lake kwa ndani.